Orodha Ndani ya Orodha: Data ya Ngazi katika Faili za Rasilimali za Android

Faili ya rasilimali huhifadhi vitu ambavyo programu inavihitaji lakini si amri: maneno yanayoonekana kwenye skrini, rangi, vipimo, picha na orodha za kuchagulia. Kuvitenga na kodi ni desturi ya zamani. Kompyuta ya Macintosh ilipoingia sokoni mwaka 1984 ilikuwa tayari na utaratibu huo, ulioandikwa na Bruce Horn, na mtu aliweza kubadili maneno ya menyu bila kugusa kodi. Windows ilifuata mkondo huohuo, na faili zake za rasilimali zilikubali menyu kuwekwa ndani ya menyu, kila moja ikiwa na alama yake ya kuanza na ya kumaliza.

Android ina folda iitwayo res, na ndani yake folda ya values. Humo huwekwa faili za XML kama strings.xml ya maneno na arrays.xml ya orodha. Programu inapojengwa, faili hizi hutafsiriwa kuwa jedwali moja, resources.arsc, na kila rasilimali hupewa namba yake ya utambulisho. Kodi ikiomba orodha fulani, huiomba kwa namba hiyo. Kwa orodha ya kawaida, kwa mfano siku saba za juma, hakuna la ziada: jina la orodha na vipengee vyake vinatosha.

Tabu huanza data inapokuwa na ngazi. Tuseme fomu ya usajili inamtaka mtumiaji achague mkoa wa Zanzibar, kisha wilaya iliyomo. Mikoa ni 5: Kaskazini Unguja ina Kaskazini A na Kaskazini B, Kusini Unguja ina Kati na Kusini, Mjini Magharibi ina Mjini, Magharibi A na Magharibi B, Kaskazini Pemba ina Wete na Micheweni, Kusini Pemba ina Chake Chake na Mkoani. Msanidi anayeanza hufikiri ataandika orodha ya mikoa na kuchomeka wilaya ndani ya kila mkoa, kama XML yenyewe inavyoruhusu. XML inaruhusu kweli, ila Android haikubali. Kipengee cha orodha lazima kiwe thamani moja, na orodha nzima si thamani moja.

Kinachokubalika ni rejeo. Kwanza huandikwa orodha tano za wilaya, kila moja na jina lake: wilaya_mjini_magharibi, wilaya_kusini_pemba na kadhalika. Kisha huandikwa orodha ya sita, ya aina ya array wala si string-array, na vipengee vyake si maneno bali ni anwani za orodha zile tano: @array/wilaya_mjini_magharibi, na nyingine kwa mpangilio huohuo. Kwa hiyo kinachoonekana kwa mtumiaji kama data ya ngazi mbili, ndani ya faili ni orodha bapa zinazoelekezana.

Kuisoma kunahitaji hatua mbili. Orodha ya nje hufunguliwa kwa obtainTypedArray, halafu getResourceId hutoa namba ya utambulisho iliyomo katika nafasi inayotakiwa. Namba hiyo ndiyo hupewa getStringArray ili wilaya zipatikane. Mwishoni orodha ya nje hurudishwa kwa recycle, kwa sababu mfumo huikopesha kutoka akiba inayotumiwa tena na tena. Kama nafasi iliyosomwa haina rejeo, getResourceId hurudisha thamani ya akiba aliyoitaja msanidi, ambayo kwa kawaida ni 0. Hakuna rasilimali yenye namba 0, basi programu huanguka papo hapo. Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba namba hizi zinaweza kubadilika programu inapojengwa upya. Anayezihifadhi kwenye hifadhidata ya simu atakuta toleo lijalo linamfungulia wilaya za mkoa mwingine. Kinachofaa kuhifadhiwa ni kifupisho thabiti kilichochaguliwa na msanidi mwenyewe.

Wapo wanaokwepa marejeo kwa kuandika orodha mbili sambamba, moja ya majina ya kuonyesha na nyingine ya vifupisho, na kutegemea kwamba kipengee cha tatu hapa ndicho cha tatu kule. Android yenyewe hutumia mtindo huu kwenye kurasa za mipangilio, na kwa orodha fupi isiyobadilika haudhuru. Hatari yake hujitokeza lugha ya pili inapoongezwa. Maneno ya Kiswahili huwekwa katika folda ya values-sw, na simu iliyowekwa Kiswahili huyachukua humo. Kisichokuwamo huchukuliwa kutoka values ya msingi. Lakini orodha haichanganywi kipengee kwa kipengee. Orodha iliyomo values-sw hufuta nzima ile ya msingi. Ikiwa ya msingi ina vipengee 5 na ya Kiswahili ina 4, mfumo hautalalamika wakati wa kuonyesha, na mtumiaji aliyechagua Kusini Pemba atasajiliwa kwingine. Njia salama ni kuacha orodha zenyewe katika folda ya msingi tu, vipengee vyake viwe marejeo ya maneno yaliyomo strings.xml, na kutafsiri hayo maneno peke yake. Mpangilio hubaki mmoja kwa lugha zote.

Folda ya msingi nayo lazima ikamilike. Rasilimali iliyopo values-sw pekee haipatikani kwa simu iliyowekwa Kifaransa, na programu inayoihitaji haitaendelea.

Kiswahili kina mtego wake mdogo: ile alama ya ng'. Katika maneno ya rasilimali za Android alama hiyo ina kazi maalumu, hivyo majina ya mahali kama Murang'a na Nyang'hwale hayaandikwi vivi hivi. Alama hiyo hutanguliziwa mkwaju wa nyuma, au neno zima hufungwa kwa alama mbili za kunukuu.

Marejeo yanatosha kwa ngazi mbili. Kwa ngazi tatu, yaani mkoa, wilaya na kata, Tanzania nzima ina maelfu ya kata, na arrays.xml hugeuka msitu wa majina ambao hakuna anayeweza kuukagua kwa macho. Hapo JSON ni bora. Faili yake huwekwa katika folda ya raw, husomwa kwa openRawResource, na muundo wake unakubali kitu ndani ya kitu bila kikomo cha kusumbua. Folda ya raw, tofauti na ile ya assets, nayo hufuata lugha, kwa hiyo raw-sw inafanya kazi. Gharama yake ni kwamba hakuna anayekagua yaliyomo programu inapojengwa: rejeo bovu katika arrays.xml husimamisha ujenzi mezani kwa msanidi, ilhali mkato uliosahaulika katika JSON hugunduliwa na simu ya mteja. Kwa hiyo jaribio linaloisoma faili hiyo kabla ya toleo kutoka si la hiari. Faili kubwa isomwe mara moja tu, nje ya uzi mkuu unaochora skrini, la sivyo simu hafifu itaganda.

Njia zote mbili zina mpaka mmoja. Rasilimali hufungwa ndani ya programu, na haziwezi kubadilishwa mpaka toleo jipya litoke. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Programu iliyofungiwa orodha ya mikoa kabla ya hapo haiwezi kuutambua mpaka mtumiaji apakue toleo jingine. Data inayobadilishwa na serikali au na soko mahali pake ni kwenye seva, na faili ya rasilimali ibaki na nakala ya kuanzia tu, ya kutumika mtandao unapokosekana.