Kufunga, Kufungua na Kujifungua: Mja Mzito katika Nyumba ya Jamaa Wengi

Mwanafunzi wa mofolojia ya Kiswahili hukutana na mzizi -fung- katika wiki za kwanza za masomo yake. Huelezwa kwamba kitenzi kufunga kikinyambuliwa katika kauli ya kutendua huwa kufungua, na mfano unaotolewa aghalabu ni wa mlango. Mlango hufungwa, kisha hufunguliwa, na somo likaendelea. Katika nyumba za Waswahili wa Mombasa na Lamu, hata hivyo, mzizi huo una shughuli nyingi kuliko za mlango. Waumini hufunga mwezi wa Ramadhani na kufungua jua linapotua. Mwezi unaofuata huitwa Mfunguo Mosi. Mwanamke aliyezaa husemwa kwamba amejifungua, mtoto wake wa kwanza huwa kifungua mimba, na siku chache baadaye tumbo lake hufungwa kwa kitambaa. Fauka ya hayo, shule zikifungwa, jamaa walioko bara huteremka pwani na nyumba ikafurika watu.

Makala haya yanachunguza hali ya mwanamke anayekutana na maneno hayo yote kwa wakati mmoja, yaani mja mzito aliye katika nyumba ya jamaa wengi Ramadhani inapoingia na sikukuu inapokaribia. Hoja inayotetewa ni kwamba ruhusa anayopewa kuhusu chakula ni wazi, nayo imepimwa kwa siku na kwa vibaba. Ruhusa kuhusu kazi haijapimwa na yeyote. Huachiwa busara ya walio jikoni, na busara hiyo hutofautiana sana nyumba hadi nyumba.

Inafaa kuanza na jina la hali yenyewe. Mwenye adabu hasemi mbele ya wakwe kwamba fulani ana mimba. Atasema ni mja mzito, au yu mzito tu, au hayuko peke yake. Neno mimba halina ubaya kwa asili yake, na kifungua mimba na kitinda mimba hutamkwa bila haya na watu wazima. Lakini katika mazungumzo ya leo nchini Kenya limeelemewa na vitenzi vikali: msichana hutiwa mimba, hupachikwa mimba, na magazeti huandika kuhusu mimba za mapema. Mja mzito ni istilahi ya heshima kwa sababu haitaji tumbo. Hutaja mja, yaani binadamu, kisha uzito alionao. Uzito huo ndio unaopaswa kuonekana na wenzake, ingawa hawautaji.

Kuna sababu nyingine ya kutoutaja. Miezi ya mwanzo mimba huwa changa, na watu wengi wa pwani huona si vyema kuitangaza, kwa kuhofia kijicho na kwa kuhofia pia aibu ya kueleza iwapo itaharibika. Mume hujua, na mama mzazi hujua. Mavyaa, yaani mama wa mume, huenda akajua au akakisia. Mawifi na watoto hawaambiwi. Siri hiyo huhifadhika kwa urahisi katika miezi mingine yote. Katika Ramadhani haihifadhiki, na kinachoifichua mara nyingi ni chumvi.

Wapishi wa futari hupika wakiwa na saumu. Baada ya alasiri jiko la nyumba kubwa huwa na shughuli nyingi: muhogo unachemshwa kwa tui, mbaazi zinatokota, sambusa zinakunjwa, unga wa kaimati umeumuka, na mtu anakamua ukwaju. Mchuzi ukikaribia kuiva huulizwa swali moja, ni nani asiyefunga leo aonje chumvi? Mwanamke aliye katika siku zake aweza kuonja, na hakuna atakayemwuliza zaidi. Lakini siku hizo huisha baada ya juma moja. Mkaza mwana anayeonja chumvi siku ya pili, ya tisa na ya kumi na sita amekwisha kusema, hata kama hakufungua kinywa kwa neno lolote. Tangu hapo mavyaa mwenye huruma humwondoa karibu na kitunguu kinachokaangwa, ambacho harufu yake humchafua moyo. Asiye na huruma huwa na hoja ya upande wa pili, na hoja hiyo ina mantiki yake: wenziwe wana njaa na kiu tangu alfajiri, naye amekula, basi yeye ndiye mwenye nguvu za kukuna nazi. Hivi ndivyo ruhusa inavyogeuka kuwa mzigo. Aliyepunguziwa saumu huongezewa mbuzi ya nazi, na daku linapowadia usiku wa manane yeye ndiye anayeamshwa kupasha chakula moto, ilhali hakuna daku analolihitaji.

Hata kula kwenyewe si rahisi. Mja mzito aliyeruhusiwa kula mchana hali mezani. Hula chumbani, mlango ukiwa umerudishwa, wali wa jana au kipande cha mkate, akisikiliza nyayo za watoto ukumbini. Watoto wadogo ndio wanaofundishwa kufunga, mara nyingi kwa kuanzia nusu siku, na ni vigumu kumweleza mtoto wa miaka saba kwa nini mama fulani anakula ilhali yeye anasifiwa kwa kuvumilia. Wapo wanawake wanaoamua kufunga kwa sababu ya macho hayo tu. Mja mzito mwenye kisukari, shinikizo la damu au upungufu wa damu huhatarisha mwili wake na wa mtoto kwa kufunga bila kumwona daktari, na joto la Mombasa mwezi wa Machi halimsaidii. Mara nyingi hufunga kwa kumwonea haya wifi, si kwa kutojua kwamba Mola amemruhusu.

Suala la deni linahitaji kuelezwa kwa kirefu, maana ndilo linaloifanya Ramadhani moja iendelee mwaka mzima. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi pwani, mwanamke aliyekula kwa kujihofia nafsi yake hulipa siku alizokula. Aliyekula kwa kumhofia mtoto peke yake hulipa siku hizo na pia hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Hukumu hiyo humhusu mja mzito na humhusu mwenye kunyonyesha. Sasa na itazamwe kalenda ya Waswahili. Baada ya Ramadhani huja Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu na Shabani. Mwanamke aliyeingia Ramadhani akiwa na mimba ya miezi mitatu hujifungua kiasi cha Mfunguo Tano au Sita, karibu na Maulidi. Damu ya uzazi humzuia kufunga, na arubaini yake humpeleka hadi Mfunguo Saba. Akitoka huko ananyonyesha. Shabani ikifika mtoto hajamaliza miezi sita, deni la siku 29 au 30 halijaguswa, na Ramadhani nyingine iko mlangoni ambayo huenda nayo akaila. Mwanamke mwenye watoto waliofuatana aweza kuwa na siku 60 shingoni. Katika nyumba yenye watu wengi deni hilo hulipika, kwa kuwa wifi atambeba mtoto na mwingine atapika. Mwenye kuishi peke yake na mumewe katika fleti ya Nairobi hulilipa kwa shida.

Ni vyema kutaja kwa kupita jambo ambalo huenda likawapendeza wapenda hesabu. Miezi 9 ya mwandamo ni siku 266 hivi, na huo ndio wastani wa muda wa mimba tangu kutungwa. Miezi ya Mfunguo ni 9. Haielekei kwamba walioipa miezi majina walikuwa wakifikiria matumbo ya wake zao, lakini mimba iliyotungwa usiku wa Idi hutarajiwa kutimia Mfunguo Tisa unapomalizika.

Msomaji wa fasihi atauliza ushairi wa Kiswahili unasema nini kuhusu mambo haya. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858 na mama wa Pate kwa ajili ya binti yake, ndio unaotajwa kwanza kila panapozungumziwa maisha ya mwanamke wa pwani. Utenzi huo humhesabia binti watu watano ambao radhi zao anazihitaji: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Uhakiki mwingi umejikita katika huyo wa tano, na mjadala kuhusu utiifu wa mke umeandikwa mara nyingi mno. Lisilozungumziwa sana ni kwamba mavyaa na mawifi hawamo katika orodha hiyo. Hao ndio anaoshinda nao kutwa, na ndio wanaoamua kama leo atakuna nazi au atalala. Radhi yao haina hukumu iliyoandikwa, kwa hiyo haina kikomo kilichoandikwa.

Sikukuu huleta mtihani wa namna yake. Mwaka wa 2024 Idi ndogo iliadhimishwa nchini Kenya tarehe 10 Aprili, shule zikiwa zimefungwa. Mwaka kama huo wajomba, mashangazi na watoto wao hupata nafasi ya kusafiri, na nyumba ya vyumba vitano hulaza watu ishirini. Magodoro hutandikwa ukumbini. Cherehani haipumziki, hina hupakwa mikononi, na watoto husubiri mkono wa Idi ili wakazitumie pesa hizo kwenye bembea. Pilau ya watu wote hao hupikwa usiku wa kuamkia sikukuu na wanawake wale wale waliopika futari mwezi mzima. Kwa kuwa mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa siku 10 au 11, Idi huzidi kusogea nyuma na kuziacha likizo za Aprili, na bila shaka wapo wapishi wanaoshukuru kimoyomoyo.

Ugeni nao una ngazi zake. Methali husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mke wa mwana anayetoka Nairobi kuja kwa wakwe hapewi hata hizo siku mbili, kwa sababu yeye si mgeni bali ni wa nyumbani, na heshima ya kuwa wa nyumbani hulipwa jikoni. Akiwa mzito, safari ya mchana kutwa imemvimbisha miguu, naye huona haya kuketi. Hapa ndipo neno moja la mkubwa lina uzito kuliko vitabu vya fikihi. Mavyaa akisema mbele ya wote, "Mwanangu, keti hapa unipangie tende hizi kwenye sinia," amempa kazi isiyo kazi, amemwondolea lawama, na hakuitaja mimba. Wanawake waliolelewa vyema katika utamaduni huo hujua kuyasema maneno ya aina hiyo. Ni ufundi wa lugha ambao haujafundishwa katika darasa lolote la pragmatiki, ingawa ungestahili.

Wakati wa kujifungua ukifika, swali la nani aingie nyumbani huwa zito zaidi. Wasomaji wa Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, riwaya iliyowahi kutahiniwa katika shule za sekondari nchini Kenya, watakumbuka kwamba kuingia kwa mkunga Bi Farashuu katika nyumba ya Maksuudi ili amzalishe Bi Tamima kuliivunja ndoa nzima. Siku hizi uchungu huwapeleka wengi hospitalini. Ada za kujifungulia ziliondolewa katika hospitali za umma nchini Kenya mnamo Juni 2013, na mipango ya kugharimia huduma hiyo imebadilika zaidi ya mara moja tangu hapo. Lakini hospitali humrudisha mzazi nyumbani baada ya siku chache, na hapo nyumba ya jamaa wengi huonyesha ubora wake.

Mwanamke huyo sasa huitwa mzazi, kana kwamba mumewe hakuzaa. Kwa uzazi wa kwanza hasa, hurudi kwa mama yake. Hunywa uji wa pilipili manga, hukandwa kwa maji moto, na kwa siku 40 haguswi na kazi. Hakuna anayemwambia kwamba ana nguvu kwa kuwa amekula. Yale aliyopimiwa kwa shida alipokuwa mzito sasa anapewa bila kuomba, kwani mila imeyawekea siku zake kama dini ilivyoiwekea saumu. Tumbo lake hufungwa kwa kitambaa kiitwacho mkaja, ili mwili ujikaze. Neno hilo lina maana ya pili ambayo wanafunzi wengi hawaifahamu: ni jina la fedha anazopewa mama wa bibi harusi wakati wa ndoa, kwa ajili ya kitambaa alichojifunga siku alipomzaa binti huyo.