Ukubwa wa wati si ubora wa sauti

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvika. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, nikiifafanua kwa mifano ya watu wenye majivuno. Haikunipitikia hata siku moja kwamba ningekuja kuinunua dukani, imefungwa vizuri ndani ya boksi, tena kwa fedha za wazazi.

Miaka kadhaa iliyopita, shule niliyokuwa nikifundisha Kiswahili ilitenga fedha za kununulia vyombo vya kusikilizia. Nia ilikuwa njema. Stadi ya kusikiliza na kuzungumza imo katika silabasi, lakini aghalabu mwalimu husoma kifungu kwa sauti, wa mbele wakasikia na wa nyuma wakabahatisha. Tulitaka wanafunzi wanane wanane waketi mezani, kila mmoja na hedifoni yake, yaani kile chombo cha kuvaliwa masikioni, wasikilize matamshi yaliyorekodiwa.

Mimi ndimi niliyetumwa Nairobi, barabara ya Luthuli, ambako vyombo vya umeme hupangwa hadi mlangoni. Muuzaji mmoja alinionyesha amplifaya nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, iliyoandikwa wati 200 kwa rangi ya dhahabu. Akaifungulia muziki. Kisha akafungulia nyingine ndogo iliyokuwa kando, ambayo bei yake haikufika nusu ya ile. Kubwa ilinguruma, ndogo ilikuwa kama inanong'ona. Nikalipa, nikatia risiti mfukoni, nikarudi shuleni kifua mbele.

Zoezi letu la kwanza lilikuwa la kutofautisha maneno yanayokaribiana kwa sauti: shaka na saka, thamani na samani, dhana na zana. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliyakosa karibu yote. Nilipomtaka ajieleze, alisimama kwa adabu akasema, "Mwalimu, sauti zinavuma kama zinatoka ndani ya mtungi." Nilimjibu kwamba mwenye nia ya kusikia husikia, nikamwandikia daftarini kuwa hatilii maanani masomo.

Baada ya siku chache likazuka jingine. Kipindi kilikwisha, wanafunzi saba wakachomoa hedifoni zao, yeye akabaki akimalizia zoezi. Mara akapiga yowe, akaitupa hedifoni mezani na kuyashika masikio yake kwa mikono miwili. Mlio uliendelea masikioni mwake hadi usiku. Kesho yake ulikuwa umekoma, namshukuru Mungu, lakini usingizi ulikuwa umekwisha kunipaa.

Nilimwendea mwalimu mwenzangu wa fizikia. Aliifungua amplifaya, akaitazama, akacheka kidogo. Alinieleza kwamba chombo kile kiliundwa kuendesha spika kubwa. Hedifoni nyingi hutoa sauti ya desibeli 100 hivi, ambayo ni kali, kwa nguvu ya miliwati moja tu, yaani sehemu moja ya elfu ya wati. Wati 200 kwa hedifoni ni kama kumwagilia mche wa sukumawiki kwa mpira wa wazima moto. Ili hedifoni isiungue, waundaji walikuwa wameweka kikinzani cha omu 120 kati ya saketi ya spika na tundu la hedifoni. Ni njia rahisi ambayo imetumika katika amplifaya nyingi za spika, na ndiyo iliyotuponza.

Naomba wanafunzi wa fizikia wachukue kalamu, kwa maana hapa hapahitajiki elimu zaidi ya kanuni ya Ohm. Hedifoni zetu zilikuwa na ukinzani wa omu 32 kwenye sauti za katikati, lakini kwenye besi ukinzani huo ulipanda hadi karibu omu 90. Volti hugawanywa kati ya kikinzani na hedifoni. Sauti za katikati zilipata 32 juu ya 152, yaani asilimia 21 ya volti. Besi zilipata 90 juu ya 210, yaani asilimia 43. Besi zikavimba mara mbili ya ilivyokusudiwa, na konsonanti nyembamba kama s, sh na th zikamezwa. Msichana yule hakuwa mvivu. Alikuwa amekieleza chombo kwa usahihi kuliko mimi niliyekinunua.

Madhara ya pili yalikuwa mabaya zaidi. Tulikuwa tumeunganisha hedifoni nane sambamba kwenye tundu moja. Omu 32 zikigawanywa kwa nane hubaki omu 4, na 4 juu ya 124 ni takriban asilimia 3 tu ya volti. Ndiyo sababu sauti ilikuwa hafifu kila tulipokuwa wanane, nami nikaizungusha swichi hadi karibu na mwisho. Saba walipochomoa zao, aliyebaki alipata asilimia 21 kwa ghafla. Hiyo ni zaidi ya mara sita, au ongezeko la desibeli 16.

Mwalimu asiseme kwamba hilo ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano walitoa kanuni za usikilizaji salama mwaka 2019: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na desibeli 75 kwa watoto. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nishati inayoingia sikioni huwa maradufu na muda salama hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 16 huzipunguza saa 40 hadi saa moja tu. Aidha, vinyweleo vya sikio la ndani vinavyopokea sauti havioti tena vikishakufa. Shule inaweza kununua amplifaya nyingine. Sikio la mtoto haliuzwi Luthuli wala kwingineko.

Je, mnunuzi atajuaje? Mwenzangu alinifundisha kipimo ambacho kidato cha tatu wanakiweza. Chezesha mlio mmoja wa hezi 50, pima volti kwenye tundu la hedifoni bila kuunganisha kitu, na urekebishe hadi upate volti 1. Kisha unganisha kikinzani cha omu 33 na upime tena. Chombo chetu kilishuka hadi volti 0.22, na hesabu ikatoa zile zile omu 120. Chombo kizuri hakishuki ila kidogo sana. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa hedifoni ya omu 32, basi, usizidi omu 4.

Mgala muue na haki yake mpe: si kila hedifoni inahitaji amplifaya ya pekee. Ile ya omu 32 hutosheka na volti 0.18 kufikia miliwati moja, na simu ya kawaida huweza kutoa volti hizo. Hedifoni ya omu 300 huhitaji volti 0.55 kwa nguvu hiyo hiyo, na miziki yenye vilele vikali ikidai mara kumi ya nguvu hizo, volti hufika 1.7. Hapo simu nyingi hushindwa, na amplifaya hupata kazi ya haki. Anayenunua amplifaya kabla ya kuijua hedifoni yake ni kama anayeshona kanzu bila kumpima mvaaji.

Muuzaji naye alinishinda kwa hila ya kale. Sikio la binadamu huiona sauti iliyo juu kidogo kuwa ndiyo bora, hata kama vyombo vyote ni sawa. Tangu siku ile, nikilinganisha vyombo viwili husawazisha sauti kwanza, tena kwa mita, kisha humwomba mtu avibadilishe bila kuniambia ni kipi kinacholia. Vingi nilivyodhani vinapishana kama mbingu na ardhi nimeshindwa kuvitofautisha. Hedifoni zenyewe hupishana waziwazi. Huko ndiko fedha zinakostahili kwenda, wala si kwenye nyaya zilizopakwa dhahabu.

Mwenzangu hakuishia kwenye lawama. Wanafunzi wa chama cha sayansi waliunda vikuza sauti vidogo vinane, kimoja kwa kila hedifoni, kwa kufuata mtindo unaojulikana kama CMoy, kutokana na jina la mbunifu wake Chu Moy. Ni chipu moja, vikinzani na kapasita chache, betri ya volti 9, na mkebe wa peremende. Vyote vinane viligharimu chini ya ile moja nyeusi, ambayo tuliihamishia ukumbini iendeshe spika, ambako wati zake zina kazi.

Siri ya chipu ile ni wazo la mhandisi Harold Black wa maabara ya Bell, Marekani. Mwaka 1927, akivuka mto Hudson kwa feri kwenda kazini, alilichora wazo hilo kwenye ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Amplifaya za simu za wakati huo ziliiharibu sauti kila zilipoikuza. Black aliona kwamba sehemu ya sauti inayotoka ikirudishwa mlangoni na kutolewa kutoka ile inayoingia, chombo hujisahihisha chenyewe. Hupoteza sehemu ya ukuzaji wake, lakini hupata ukweli. Huo ndio mrejesho hasi, na ndio unaoufanya ukinzani wa tundu kuwa mdogo.

Nimelitafakari sana jambo hilo. Mimi nilikuwa amplifaya isiyo na mrejesho: nilikuza nilichokiamini, na mwanafunzi aliponirudishia kosa langu nilimwita mzembe. Nilimwita msichana yule mbele ya darasa lile lile, nikamwomba radhi, nikayafuta kwa mkono wangu maneno niliyoyaandika daftarini. Tulilirudia zoezi kwa vile vikebe vya peremende. Alikosa neno moja tu.

Walimu wenzangu, mnapotumwa kununua vyombo, pimeni kabla ya kulipa. Na mwanafunzi akisema hasikii, chunguzeni chombo kwanza.