Mjomba Wangu na Sanamu za Nairobi

Mtu atokaye mashambani akaja Nairobi kwa shughuli zake, mara nyingi huyapita majumba makubwa ya katikati ya mji pasipo kuyatazama. Sisi tukaao hapa twazidi kwa kosa hilo, maana twayapita kila siku. Mimi ni karani wa Serikali, na uwanja wa City Square nimeuvuka miaka mingi nikitazama saa yangu tu, mpaka mjomba wangu aliponifumbua macho.

Mzee huyo alikuja kwa shauri la hati ya shamba, na kazi ilipokwisha nikamtembeza. Kutoka uwanjani nilimwonyesha mnara wa saa wa Bunge, jumba lililochorwa na Bwana Amyas Connell, na karibu yake kaburi la Mzee Jomo Kenyatta, aliyefariki mwaka 1978. Nikamwonyesha na jumba la Mahakama, lililojengwa zamani za ukoloni.

Kisha tukasimama chini ya KICC, jumba lenye mnara wa orofa 28, na ubavuni mwake ukumbi wenye paa lililochongoka. Lilichorwa na Bwana Karl Henrik Nøstvik wa Norwei pamoja na Bwana David Mutiso, Mkenya, likafunguliwa mwaka 1973. Mjomba alilitazama lile paa akacheka. "Hii ni nyumba ya msonge," alisema. "Kumbe hata huku mjini walikumbuka kwetu!"

Hapo uwanjani ameketi Mzee Kenyatta wa shaba, kazi ya Mwingereza James Butler, iliyowekwa mwaka huo huo wa 1973. Mjomba akavua kofia. Halafu akaniuliza, "Mpwa wangu, huyu namjua. Lakini babu yangu yuko wapi? Alichukuliwa katika vita vya Mjerumani kubeba mizigo, wala hakurudi."

Sikuwa na jibu. Tukaondoka tukafuata barabara ya Kimathi, tukaipita sanamu ya Dedan Kimathi mwenye bunduki mkononi, iliyofunuliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu siku aliponyongwa. Mbele yake, katika Kenyatta Avenue, tukafika penye watu watatu wa shaba waliosimamishwa mwaka 1928, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Kwa kuwa watu huziita sanamu za askari, nami nilidhani wote watatu ni askari. Sivyo. Mmoja wao ni mchukuzi.

Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, nami nikamsomea yale ya Kiswahili. Nikamweleza kwamba katika vita vile vya 1914 hadi 1918 wachukuzi waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Hata jina la mtaa wa Kariokor latokana na jeshi lao.

"Na jina la babu limeandikwa?" akauliza.

"La, mjomba. Hapana jina hata moja."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi huyu ndiye. Nitawaambia nyumbani kuwa nimemwona."

Tangu siku hiyo sipiti tena nikitazama saa. Katika mji wetu, mkubwa amepewa sanamu na jina lake. Mchukuzi amepewa sanamu tu. Shaba haikuandika majina yao, lakini sisi twaweza. Wako wazee ambao bado wanayakumbuka. Yafaa kila mwenye kujua kalamu awaulize wazee wa kwao, ayaandike kitabuni, na amlete mwanawe mjini amwonyeshe yule mtu wa shaba asiye na jina. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.