Amplifaya ya valvu yaweza kuhudumia muziki na filamu sebule moja

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Buruburu, Umoja na Kayole, sebule moja mara nyingi hufanya kazi mbili. Jumapili mchana huwa ukumbi wa rumba na benga; usiku hugeuka kuwa ukumbi wa sinema. Kwa wapenzi wa muziki wa zamani wanaotamani amplifaya ya valvu, ile yenye vioo vinavyong'aa mithili ya makaa, swali ni iwapo chombo hicho chaweza kuunganishwa na homu thieta bila hasara.

Valvu si ngeni. Ndizo zilizokuwa ndani ya redio kubwa za mbao kabla ya transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka wa 1947, kuzipokonya nafasi. Ndani ya kioo kisicho na hewa, elektroni huruka kutoka sehemu iliyopashwa moto kuelekea bamba lenye volti nyingi, huku wavu mdogo ulio katikati ukidhibiti mtiririko huo kwa kufuata mawimbi ya sauti. Inapozidiwa, valvu huelekea kulainisha kilele cha wimbi badala ya kulikata ghafla, na hii ni mojawapo ya sababu za gitaa na sauti ya mwimbaji kusikika kana kwamba zina joto. Wapo wanaosema hayo ni mazoea ya masikio tu, nao hawajakosea kabisa.

Filamu ni jambo jingine. Mlipuko mmoja huhitaji nguvu nyingi za ghafla kutoka spika tano na wufa, ilhali amplifaya nyingi za valvu hutoa kati ya wati 10 na 40 kwa kila spika. Hata hivyo, ufinyu wa nyumba za Eastlands hapa huwa msaada. Katika chumba cha futi 10 kwa 10, spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja itamtosheleza msikilizaji kabla hata ya wati tano kutumika. Isitoshe, jirani yuko nyuma ya ukuta, na kanuni za kudhibiti kelele zimekuwepo nchini tangu 2009.

Njia bora ni kugawa kazi. Risiva ya homu thieta yenye matundu yaliyoandikwa 'pre out' hupeleka mawimbi ya spika mbili za mbele kwa amplifaya ya valvu, nayo hubaki ikiendesha spika ya katikati na za nyuma. Kisha risiva huamriwa kupeleka sauti zote zilizo chini ya hezi 80 kwa wufa, ambayo ina amplifaya yake. Kwa njia hiyo valvu hutuliwa mzigo mzito zaidi. Kitufe cha sauti cha amplifaya kitiwe alama na kisisogezwe wakati wa filamu, la sivyo vipimo vya risiva vitavurugika na mazungumzo yatazama chini ya muziki.

Seti nyingi za bei nafuu, zile za spika tano na chombo kimoja, hazina matundu hayo. Mwenye seti kama hiyo afadhali aunganishe matundu mekundu na meupe ya dividii na amplifaya ya valvu kwa ajili ya muziki, awe na spika mbili za kando, na filamu aiachie seti yenyewe.

Gharama ya stima nayo haifichiki. Amplifaya inayokula wati 180 hukaribia kula kiasi hicho hata wimbo usipopigwa. Kwa saa tano kila siku, hizo ni takriban yuniti 27 za tokeni kwa mwezi. Valvu za kutolea sauti huchakaa pia, kwa kawaida baada ya saa elfu chache, hivyo kuziwasha kwa ajili ya taarifa ya habari ni ubadhirifu.

Amplifaya hiyo isiwashwe kamwe bila spika kuunganishwa, kwani transfoma yake yaweza kuungua. Iwekwe mbali na watoto na mapazia, tena kwenye soketi yenye waya wa ardhi unaofanya kazi. Ndani yake mna volti zinazoweza kupita 400, na kapasita huendelea kuzihifadhi hata plagi ikishachomolewa. Fundi anayezifahamu valvu huzimaliza chaji hizo kwanza, kisha hupima kwa mita kabla ya kuingiza mkono.