Kwa Nini Ombi Hurudi? Masharti ya Kupata Msaada wa Mfuko wa Hisani



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini maombi yanayopelekwa kwenye mifuko ya hisani hukataliwa, hali shida iliyoandikwa ndani yake ni ya kweli na kila mtu aiona. Wengine wamekwisha kata shauri kuwa ni upendeleo tu. Sisi nasi tulikuwa na dhana hiyo hiyo, kwa hiyo yafaa tuanze kwa kukiri kosa letu.

Mchumaji mmoja alianguka mkarafuuni akavunjika mguu. Halmashauri yetu iliandika kwa mfuko mmoja kuomba fedha za matibabu, na za kuwalisha watoto wake mpaka apone. Jibu lilikuja kwa maneno machache: mfuko hautoi msaada kwa mtu mmoja mmoja. Tulikasirika sana. Lakini tulipokaa tukayasoma masharti yake tangu mwanzo mpaka mwisho, tuliona ya kuwa hatukunyimwa kwa chuki. Tulibisha mlango usiokuwa wa haja yetu.

Mfuko wa hisani wa jamii ni nini? Ni mahali ambapo watu wengi wa mji au wa nchi huweka mali zao pamoja, kubwa na ndogo, ili zitumiwe kwa manufaa ya watu wote wa mahali hapo. Mfuko wa kwanza wa namna hii ulianzishwa mwaka 1914 katika mji wa Cleveland, Marekani, na mkuu wa benki aliyeitwa Frederick Goff. Bwana huyu aliona watu wakiacha mali kwa masharti ambayo, baada ya miaka mingi, hayakufaa tena. Mathalani Benjamin Franklin, aliyefariki mwaka 1790, aliacha paundi 1,000 kwa mji wa Boston na nyingine 1,000 kwa mji wa Philadelphia, wakopeshwe mafundi vijana waliooa, wasiotimiza miaka 25, waliokwisha kujifunza kazi chini ya fundi mkubwa. Desturi ile ya kujifunza kazi ilipofifia, fedha zilibaki lakini wenye kustahili kuzikopa wakawa wachache. Dawa aliyoleta Goff ni kuwa mali za wengi zitunzwe pamoja, na kamati ya raia iangalie haja za kila zama. Afrika Mashariki nayo inayo mifuko ya aina hii. Kenya, kwa mfano, ilipata mfuko wa maendeleo ya jamii mwaka 1997.

Jambo hili si geni kwetu. Sote twajua habari za wakf. Mtu akiweka shamba wakf kwa ajili ya msikiti, msimamizi hawezi kuyatoa mazao yake kumlipia jirani deni, hata kama jirani huyo ni maskini na msimamizi amemwonea huruma. Wanazuoni wamesema kuwa sharti la mwenye kuweka wakf hufuatwa kama neno la sheria. Basi na wenye kuongoza mfuko wa hisani wako hivyo hivyo: mali si yao, ni amana, na kila senti wataulizwa. Ndiyo sababu huweka masharti, na masharti hayo, ukiyachungua, ni maswali manne.

Swali la kwanza: Ni nani aombaye? Kikundi kisichoandikishwa kwa Mrajis, kisichokuwa na katiba, viongozi waliochaguliwa wala hesabu ya benki kwa jina lake, mbele ya sheria si mtu. Fedha zikipotea, hapana wa kuulizwa. Kikundi kidogo ambacho hakijaandikishwa kisikate tamaa. Baadhi ya mifuko hukubali kikundi hicho kiombe chini ya jumuiya iliyoandikishwa, nayo ikubali kuzibeba hesabu zake.

Swali la pili: Faida ni ya nani? Hapa ndipo wakulima wengi huanguka. Shamba la karafuu ni mali ya mwenyewe, na bei ya karafuu huingia mfukoni mwake. Ukiomba fedha za kupalilia shamba lako au kulipa deni lako, wanaomba vilevile wafanya biashara wote wa mjini. Chama chetu nacho ni cha kuwafaa wanachama wake. Tukiomba kwa ajili ya wanachama tu, twaweza kuambiwa kuwa hiyo ni biashara, si hisani. Lakini kitalu cha miche kitakachogawiwa wajane na vijana wa shehia, au sakafu ya kuanikia itakayotumiwa na kila mtu, mwanachama na asiye mwanachama, hilo ni jambo jingine.

Swali la tatu: Ni kazi gani, na mahali gani? Kila mfuko una mipaka yake. Mmoja husaidia elimu tu, mwingine afya, mwingine hautoki nje ya wilaya fulani. Mingi haitoi fedha kwa kampeni za siasa, wala kwa kazi iliyokwisha kufanywa. Ukijenga kwanza kisha ukaomba, umechelewa.

Swali la nne: Hesabu ziko wapi? Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mfuko hutaka kuona kumbukumbu za mikutano, stakabadhi, na makisio ya gharama yaliyopigwa kwa bei za kweli.

Hatusemi kuwa masharti yote ni mema. Mara nyingine karatasi zinazotakiwa ni nyingi mno, na kikundi kilicho maskini kupita vyote ndicho kisichokuwa na mtu wa kuziandika. Malalamiko hayo ni ya haki, na yafaa kuyapeleka kwa adabu kwa wenye mifuko. Lakini yasiwe kisingizio cha kutoweka daftari.

Na yule mchumaji wetu je? Tulichanga wenyewe kwa wenyewe, na jirani zake wakamaliza kuchuma iliyobaki. Hivyo ndivyo ilivyopasa tangu mwanzo. Mfuko huchukua miezi kuamua. Mguu uliovunjika haungoji. Tungeliomba kamba imara, ngazi, na mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wachumaji wote wa shehia, ombi lile lingekuwa na njia.

Basi, ndugu, kabla hamjaandika ombi, jiulizeni maswali haya manne. Palipo na jibu pungufu, tengenezeni kwanza. Wenye katiba zilizolala kabatini wazitoe wazisome, na wenye vikundi bila daftari waanze leo, hata kwa daftari la shule. Aliye na shaka alete karatasi zake kwa Halmashauri tuzitazame pamoja kabla ya msimu, kwa maana karafuu zikishaiva hapana atakayekuwa na nafasi ya kushika kalamu.