Esposito: Jina la Mtoto Aliyewekwa Nje

Jina la ukoo humjulisha mtu ni nani, na wazee wake walitoka wapi. Lakini nchini Italia lipo jina mashuhuri ambalo hapo kale lilitangaza kinyume cha hayo: kwamba mwenye jina hilo hakujulikana baba yake wala mama yake. Jina hilo ni Esposito.

Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "aliyewekwa nje". Ndivyo walivyoitwa watoto wachanga walioachwa milangoni mwa makanisa na hospitali, aghalabu kwa sababu ya ufukara au kwa kuogopa aibu.

Katika mji wa Napoli, kanisa la Annunziata lilikuwa na nyumba ya kuwalelea watoto hao. Ukutani palikuwa na tundu, na ndani yake pipa la mbao lenye kuzunguka. Mama alimlaza mwanawe humo, akalizungusha pipa, mtoto akaingia ndani. Naye mama akaenda zake bila ya kuonekana uso. Mtoto alipokewa, akaandikwa daftarini, akatafutiwa mwanamke wa kumnyonyesha. Wengi walifariki wangali wachanga. Waliosalimika walikua, nalo jina likawafuata.

Miji mingine nayo ilikuwa na majina yake. Huko Florence, hospitali ya Innocenti, iliyoanzishwa mwaka 1419, iliwapa watoto wake jina hilo hilo, yaani "wasio na hatia". Baadhi ya akina mama waliacha nusu ya medali na kubaki na nusu ya pili, wakitumaini kwamba siku moja vipande hivyo vingekutanishwa. Huko Milano wengi waliitwa Colombo, yaani njiwa, kwa kuwa ndege huyo alikuwa alama ya hospitali kuu.

Joachim Murat, aliyetawala Napoli kuanzia 1808 hadi 1815, alipiga marufuku kuwapa watoto majina ya kuwafichua asili yao. Pipa la Annunziata nalo lilifungwa mwaka 1875. Hata hivyo, waliokwisha kuitwa Esposito waliwarithisha watoto na wajukuu wao jina hilo, na leo ni miongoni mwa majina yenye watu wengi kabisa nchini Italia, hasa Napoli.

Wahenga walisema, kitanda hakizai haramu. Jina walilopewa wasio na ukoo, sasa lenyewe limekuwa ukoo mkubwa.