Mdahalo wa Wagombea Urais: Mafunzo kutoka Kampeni za Kenya, 2013 hadi 2022

Katika nchi inayofuata mfumo wa vyama vingi, kipindi cha kampeni ndicho kinachompa mwananchi nafasi ya kumsikiliza anayeomba kura kabla ya kumpa. Kwa miaka mingi nafasi hiyo imetimizwa kwa mikutano ya hadhara. Mkutano wa hadhara una faida zake, kwani mgombea hufika hadi kijijini na wananchi humwona kwa macho yao. Hata hivyo, una upungufu mmoja mkubwa. Mgombea husema alilolichagua mwenyewe, mbele ya watu ambao wengi wao tayari ni wafuasi wake, na hakuna wa kumwuliza fedha za kutekelezea ahadi zake zitatoka wapi.

Mdahalo wa televisheni uliwekwa ili kuziba pengo hilo. Wagombea husimama pamoja katika ukumbi mmoja, huulizwa maswali yale yale, hupewa muda uliopimwa, na kila mmoja huruhusiwa kumjibu mwenzake. Nchi jirani ya Kenya imekuwa na midahalo ya namna hiyo katika chaguzi 3 zilizofuatana, yaani 2013, 2017 na 2022. Yaliyotokea humo yanastahili kuelezwa, kwa kuwa yanaonesha faida ya utaratibu huu na pia mipaka yake.

CHIMBUKO LAKE

Mdahalo unaotajwa zaidi katika historia ya televisheni ni ule wa Marekani wa tarehe 26 Septemba, 1960, uliofanyika katika studio mjini Chicago baina ya Seneta John F. Kennedy na Makamu wa Rais Richard Nixon. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba baada ya mwaka huo Marekani ilikaa hadi mwaka 1976 bila ya mdahalo mwingine wa wagombea urais wa vyama vikuu. Chaguzi za 1964, 1968 na 1972 zilipita bila ya wagombea hao kukutana. Sababu ni kuwa mdahalo ulikuwa, na bado ni, jambo la hiari. Mgombea anayeona kuwa anaongoza huona pia kuwa hana la kuongeza kwa kusimama karibu na mpinzani wake. Hesabu hiyo ndiyo iliyojitokeza Kenya miaka mingi baadaye.

MWAKA 2013: WAGOMBEA WANANE

Kenya iliingia katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi, 2013 ikiwa na kumbukumbu nzito. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Disemba 2007 yalisababisha vifo vya watu zaidi ya 1,000 na kuwaondoa malaki ya wengine katika makaazi yao. Uchaguzi wa 2013 ulikuwa wa kwanza chini ya Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti, 2010. Kila mtu alitaka kujua iwapo wanasiasa waliokuwa wakihasimiana wangeweza kushindana kwa maneno, bila ya damu kumwagika.

Mdahalo wa kwanza wa wagombea urais katika historia ya nchi hiyo ulifanyika tarehe 11 Februari, 2013 katika Skuli ya Brookhouse, Nairobi, chini ya usimamizi wa vyombo vya habari vilivyoungana kwa kazi hiyo. Waendeshaji walikuwa Linus Kaikai na Julie Gichuru. Paul Muite, ambaye hapo mwanzo hakualikwa, alipeleka malalamiko yake mahakamani, na siku ilipofika wagombea wote 8 walisimama mbele ya wananchi: Uhuru Kenyatta, hayati Raila Odinga, Musalia Mudavadi, Peter Kenneth, Mohammed Abduba Dida, Martha Karua, James ole Kiyiapi na Muite mwenyewe.

Swali lililosubiriwa zaidi lilihusu Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kenyatta na mgombea wake mwenza, William Ruto, walikuwa wakikabiliwa na mashitaka katika mahakama hiyo kuhusiana na machafuko ya 2007 na 2008. Odinga alisema kuwa ingekuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Kenyatta alijibu kuwa angeweza kujitetea na kuongoza nchi kwa wakati mmoja. Mashitaka dhidi ya Kenyatta yaliondolewa Disemba 2014, na kesi ya Ruto ilisitishwa Aprili 2016. Lakini usiku ule jambo hilo lilikuwa bado bichi, na watu wawili waliokuwa wakiwania kiti kimoja walilizungumza ana kwa ana, kwa sauti ya kawaida, huku wafuasi wa pande zote wakisikiliza.

Baada ya mdahalo huo Kenyatta alitangaza kuwa hatohudhuria wa pili, kwa maelezo kwamba hakutendewa haki. Hatimaye alibadili uamuzi wake, na tarehe 25 Februari, 2013 wagombea walikutana tena kuzungumzia uchumi, ardhi na rushwa.

Matokeo ya uchaguzi yanasaidia kupima uzito wa midahalo hiyo. Kenyatta alitangazwa mshindi kwa kura 6,173,433, sawa na asilimia 50.07, na Odinga alipata kura 5,340,546. Dida, mwalimu ambaye kabla ya mdahalo hakujulikana na wananchi wengi, alipata kura 52,848 na kushika nafasi ya tano, mbele ya Karua aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria. Hivyo mdahalo ulimfanya mtu asiyejulikana asikilizwe na taifa zima, lakini haukuweza kuvunja nguvu za miungano mikubwa ya vyama.

MWAKA 2017: MIMBARI ISIYO NA MTU

Katika uchaguzi uliofuata hali ilibadilika. Tarehe 17 Julai, 2017 ilikuwa siku ya mdahalo wa wagombea wenza. Aliyefika ni mmoja tu, Eliud Muthiora Kariara, naye akaulizwa maswali peke yake. Wiki moja baadaye, tarehe 24 Julai, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi, Rais Kenyatta hakutokea. Odinga alijibu maswali akiwa peke yake jukwaani.

Katika kura za tarehe 8 Agosti, 2017, aliyekosekana katika mdahalo ndiye aliyetangazwa kuongoza kwa asilimia 54.27. Mahakama ya Juu ilibatilisha matokeo hayo tarehe 1 Septemba, lakini sababu zake zilihusu uendeshaji wa uchaguzi na upelekaji wa matokeo, wala hazikugusa mdahalo. Kutokuhudhuria hakukumletea mgombea huyo hasara iliyoonekana dhahiri.

MWAKA 2022: SAFARI HII NI MWENGINE

Mwaka 2022 wagombea urais walikuwa 4. Waandaaji waliwagawa katika makundi mawili kwa kufuata uchunguzi wa maoni: waliopata chini ya asilimia 5 wakutane kwanza, na waliozidi kiwango hicho wafuate. Mdahalo wa wagombea wenza ulifanyika tarehe 19 Julai, na mara hii Martha Karua na Rigathi Gachagua, waliotoka katika miungano mikubwa, walifika na kujibizana.

Tarehe 26 Julai ilikuwa zamu ya wagombea urais. Profesa George Wajackoyah alitaka wagombea wote 4 wasimame pamoja, na alipokataliwa akaondoka. David Mwaure Waihiga akabaki peke yake katika sehemu ya kwanza. Upande wa Odinga ulikuwa umekwishatangaza kuwa hatosimama na Ruto, kwa hoja ya uadilifu, na jioni hiyo Odinga alikutana na wananchi katika ukumbi wa Jericho, Nairobi. Ruto alijibu maswali peke yake. Hivyo mgombea aliyefika mwaka 2017 na kukuta mwenzake hayupo, safari hii ndiye aliyekosekana.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 9 Agosti, 2022. Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Odinga, tofauti ya kura 233,211. Mahakama ya Juu iliyathibitisha matokeo hayo tarehe 5 Septemba. Haiwezekani kusema kwa yakini kuwa mdahalo ndio ulioamua, kwani mambo yanayomfanya mtu apige kura ni mengi.

SHERIA NA HIARI

Katiba ya Kenya inataka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Kwa sababu hiyo mgombea hulazimika kuzunguka nchi nzima. Katiba hiyo pia inavitaka vyombo vya utangazaji vya Serikali kutoa nafasi ya haki kwa maoni mbalimbali. Lakini katika chaguzi zote 3 hapakuwa na sharti la kisheria lililomlazimisha mgombea urais kuhudhuria mdahalo.

Kwa hiyo mdahalo unategemea nia ya mgombea, na nia ya mgombea inategemea kile anachodhani wananchi watakidai. Pale mpiga kura anapoona kutokuhudhuria kuwa ni jambo dogo, kiongozi naye hulifanya dogo. Hapo mwananchi ndiye anayekosa, maana hupoteza fursa ya kuwasikia wanaoomba dhamana moja wakijibu swali moja kwa wakati mmoja.

Ni haki pia kutaja kasoro za mdahalo wenyewe. Televisheni humpendelea mwenye ufasaha, na ufasaha si ushahidi wa utendaji. Aidha, midahalo ya 2013 ilifanyika zaidi kwa Kiingereza, lugha ambayo wapiga kura wengi hawaitumii katika mambo yao ya kila siku. Mwananchi ambaye hakuifahamu vyema alilazimika kusubiri kusimuliwa na wengine, na msimulizi mara nyingi huwa na upande wake.

NAMNA YA KUFUATILIA

Kutokana na hayo, anayefuatilia kampeni na midahalo, iwe Kenya au kwengineko, atafaidika kwa kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, asome au asomewe ilani za vyama kabla ya mdahalo, na achague mambo mawili au matatu yanayoigusa kaya yake, mfano bei za vyakula, skuli, hospitali au ardhi. Asiyejua anachokitafuta huishia kutazama nani kamkejeli nani.

Pili, kila ahadi ipimwe kwa maswali manne: nini kitafanywa, kwa fedha zipi, kwa muda gani, na nani mwenye mamlaka ya kukifanya. Swali la nne husahauliwa sana. Nchini Kenya, kwa mfano, vituo vya afya vya kaunti na elimu ya awali viko chini ya serikali za kaunti, na skuli za msingi na sekondari ziko chini ya Serikali ya Taifa. Mgombea urais anayeahidi zahanati katika kila kijiji hana budi aulizwe atashirikiana vipi na kaunti na fedha zitapitia wapi.

Tatu, asitosheke na vipande vifupi vinavyosambazwa kwa simu. Sentensi iliyokatwa mwanzo na mwisho inaweza kubeba maana ambayo msemaji hakuikusudia. Penye shaka, ni bora kurejea kumbukumbu kamili ya kituo kilichorusha mdahalo.

Nne, mgombea asiyefika asikilizwe sababu zake, kisha zipimwe kwa uadilifu ule ule bila ya kujali chama. Hoja iliyokataliwa kwa mpinzani mwaka 2017 haifai kukubaliwa kwa kipenzi mwaka 2022, wala kinyume chake.

Tano, maneno yahifadhiwe baada ya uchaguzi. Muungano wa Kenya Kwanza uliahidi katika kampeni mfuko wa mikopo nafuu kwa wafanyabiashara wadogo, na mfuko huo ulizinduliwa tarehe 30 Novemba, 2022. Mwananchi aliyeweka kumbukumbu ya ahadi aliweza kulinganisha kiasi na masharti yaliyotajwa kwenye kampeni na kilichotolewa. Ahadi ikitimizwa hujulikana, na isipotimizwa hujulikana vilevile.

Mdahalo si mtihani unaotoa mshindi usiku ule ule, na asubuhi yake kila upande hudai kuwa umeshinda. Kazi yake ni kuweka majibu ya wagombea mahali ambapo kila mmoja anaweza kuyasikia na kuyarejea. Uamuzi unabaki kwa mpiga kura, naye anatakiwa aufanye kwa utulivu, aheshimu uamuzi wa jirani yake aliyesikia maneno yale yale na kuchagua mwengine, na ayapeleke malalamiko yake, kama anayo, mbele ya vyombo vilivyowekwa na sheria.